Kulwa Kakopa, Doto Anadaiwa

Jumatatu, 20 Januari 2025

Simu namba 4 imevimba. Ilikuwa kwenye droo tangu Ijumaa, imechomekwa chaji na mtu ambaye hakujitaja, na leo asubuhi mfuniko wa nyuma umeachana na simu yenyewe. Ndiyo simu pekee ofisini yenye Android 8 na RAM ya GB 1, yaani ndiyo inayofanana na simu za wateja wetu. Zilizobaki ni za wafanyakazi, na wafanyakazi hununua simu nzuri.

Nimeomba pesa niende Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikanunue nyingine iliyotumika. Mhasibu ameuliza kwa nini ofisi inunue simu mbovu. Nimemweleza kwamba ninachotaka ni simu mbovu. Akasema niandike hivyo kwenye fomu, sehemu ya "Sababu ya manunuzi". Nimeandika.

Kwa atakayeisoma shajara hii: mimi ni mjaribu programu katika kampuni ndogo hapa Kijitonyama. Tunatengeneza mfumo wa SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, ili mwanachama aone akiba yake kwenye simu na aombe mkopo bila kupanda basi. Wenzangu wanaandika programu. Mimi naiharibu kabla mteja hajaiharibu, naeleza kwa maandishi, tunayoyaita tiketi, nilivyoiharibu, nawapelekea, wananuna. Toleo jipya linatakiwa litoke Ijumaa ya tarehe 31. Tarehe hiyo iliahidiwa kwa mteja na mtu wa mauzo, ambaye ndiye peke yake kati yetu asiyejua mfumo unafanya nini.

Jumanne, 21 Januari

Nimetafuta mwanachama ambaye jina lake linaanza na Ng'. Mfumo wote umeanguka, wa akiba na wa mikopo.

Kisa ni ile ritifaa. Katika lugha ya hifadhidata alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maneno, kwa hiyo mfumo ukiikuta katikati ya jina hudhani jina limeishia hapo, na herufi zilizobaki huzichukua kuwa ni amri. Mwenye nia mbaya anaweza kuandika amri yake hapohapo kwenye sehemu ya jina na ikatiiwa. Mbinu hiyo imeelezwa hadharani tangu 1998. Kijana wa seva alikuwa bado hajaanza shule.

Amesema watu wenye majina hayo ni wachache, dada, tusichelewe kwa ajili yao. Nimemfungulia orodha ya chama cha Shinyanga. Ameisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaomba maji.

Saa tisa alasiri ameniambia amemaliza. Nimejaribu tena. Sasa ukiandika Ng' mfumo hauanguki, unakujibu: "Jina lako si sahihi."

Tiketi nimeifungua upya.

Jumatano, 22 Januari

Umeme umekatika saa tatu asubuhi, umerudi saa kumi na nusu. Nikaona nitumie nafasi hiyo kujaribu programu inavyofanya kazi bila mtandao. Haifanyi. Tiketi hii nimeiandika kwa kalamu.

Alhamisi, 23 Januari

Mwalimu mmoja wa Tunduma, miongoni mwa wanaotujaribia toleo jipya, amepiga simu kusema hauoni mkoa wake. Nimefungua orodha. Kweli mikoa ni 30, Songwe haimo. Songwe umekuwa mkoa tangu 2016, lakini kijana wa Android aliichukua orodha kutoka mahali ambako hawajapata habari.

Mwalimu, kwa ustaarabu wake, alichagua Mbeya kama zamani. Mfumo ukamletea wilaya za Mbeya. Yake haimo. Akabonyeza "Rudi" ili abadilishe, na kitufe cha "Rudi" kikafuta kila alichojaza: jina, namba ya simu, majina ya wadhamini na picha ya kitambulisho aliyoipiga juani kwa sababu ndani programu ilimwambia hakuna mwanga wa kutosha. Aliniuliza kama arudie kupiga picha ileile au apige nyingine. Nikamwambia asubiri kwanza.

Songwe imeongezwa saa nane mchana.

Saa tisa Njombe imetoweka.

Ijumaa, 24 Januari

Chama kimoja cha Dodoma kilikuwa na mkutano leo saa tatu asubuhi. Katibu aliingiza muda kwenye mfumo juzi: 03:00. Mfumo una kazi ya kuwakumbusha wanachama saa moja kabla. Ukawakumbusha. Saa nane usiku wa kuamkia leo, simu za wanachama wote zililia na ujumbe: "Mkutano wako unaanza baada ya saa moja. Tafadhali zingatia muda."

Mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa jeshini, alizingatia. Alifika ukumbini kabla ya saa tisa usiku na kumkuta mlinzi, ambaye naye ni mwanachama na naye alikuwa amepata ujumbe.

Kijana wa seva anasema katibu ndiye aliyekosea, kwa sababu saa tatu asubuhi kwenye mfumo ni 09:00. Katibu ni mtu mzima, amestaafu ualimu, na saa tatu ya asubuhi imekuwa saa tatu tangu azaliwe. Nimeandika tiketi. Kijana akarekebisha kwa kuongeza AM na PM. Katibu alipoulizwa kwa simu angechagua ipi, akauliza mbili hizo zinatofautiana bei au vipi.

Basi tukakubaliana mfumo useme kwa maneno: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Hapo ndipo kikao kilipoanza hasa. Kijana wa Android anasema jioni inaanza saa kumi. Meneja wa mradi, ambaye ni wa Unguja, anasema saa kumi bado ni alasiri na hataki mjadala. Mhasibu anasema jioni ni muda wa kutoka kazini, na akatoka. Imeundwa kamati ndogo ya kuchunguza jioni. Mimi ni katibu wake.

Jumamosi, 25 Januari

Kamati ya harusi ya binamu yangu, Sinza. Harusi ni Aprili. Shangazi ameniambia mbele za watu, "Wewe si mtu wa kompyuta? Hebu angalia hesabu za mweka hazina."

Mweka hazina ametumia Excel. Namba zote za simu zimepoteza sifuri ya mbele, hilo ni la kawaida. Tatizo lilikuwa safu ya awamu. Michango yetu inalipwa kwa awamu mbili, kwa hiyo aliyelipa ya kwanza aliandikiwa 1/2, na aliyemaliza zote akaandikiwa 2/2. Excel ikaona hizo ni tarehe. Orodha iliyochapishwa inasema nusu ya ndugu watalipa tarehe 1 Februari na nusu nyingine tarehe 2 Februari.

Kamati ilikuwa imefurahi sana. Mwenyekiti alishaandaa hotuba ya kuwapongeza ndugu kwa kuahidi kulipa wote kwa pamoja, tena mapema. Mjomba, ambaye alimaliza mchango wake Desemba, alikuwa amekaa pembeni hasemi na mtu, maana imeandikwa atalipa tarehe 2.

Niliwaambia kwamba hata wanasayansi wa jeni yaliwakuta. Kulikuwa na jeni inaitwa MARCH1, Excel ikawa inaigeuza tarehe moja ya mwezi Machi kila wanapoiandika, na mwaka 2020 wakakubali kubadilisha majina ya jeni kadhaa ili yaishe. Shangazi akauliza hao wanasayansi wamechangia shilingi ngapi.

Jumapili, 26 Januari

Jirani ameleta printa. Nikamwambia mimi kazi yangu ni kujaribu tu. Akasema basi jaribu. Nimejaribu. Imekataa. Nikamwambia imekataa.

Jumatatu, 27 Januari

Barabara kadhaa za katikati ya jiji zimefungwa. Kuna mkutano mkubwa wa marais wa Afrika kuhusu nishati, leo na kesho, wa kupanga jinsi watu milioni 300 watakavyofikishiwa umeme ifikapo 2030. Kijana wa seva ameamua kufanyia kazi nyumbani kwake Mbagala. Saa nne ametuma ujumbe kwamba kwake umeme hakuna.

Kwa hiyo simu ya mwenyekiti wa chama cha walimu cha Mwanza nimeipokea mimi. Akiba ya wanachama wake jana ilifika shilingi 2,147,500,000. Leo mfumo unasema akiba ni shilingi -2,147,467,296. Ameitisha kikao cha dharura cha bodi. Alitaka kujua ni nani aliyezichukua na kwa nini amechukua zaidi ya zilizokuwepo.

Nilimweleza hivi. Yule aliyeandika sehemu hiyo ya mfumo aliipa akiba chumba cha biti 32. Chumba hicho kinaingia mpaka 2,147,483,647 basi. Ukiongeza moja, hesabu inazunguka na kuanzia upande wa pili, kwenye hasi. Mwaka 2014 jambo hilo liliwakuta YouTube: watazamaji wa wimbo wa Gangnam Style walifika idadi ambayo kihesabio chao hakikutengenezewa, ikabidi wakipanue. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wimbo hauna wanachama wanaonisubiri nje."

Nilipompata kijana wa seva jioni, alishangaa kwamba walimu wana bilioni mbili. Walimu wenyewe walikuwa wanajua.

Jumanne, 28 Januari

Kila chama ninachokijaribu huwa nakisajilia pacha. Nimewaita Kulwa na Doto. Wamezaliwa siku moja, wamejiandikisha kitambulisho cha taifa siku moja kwenye dirisha moja, wakapewa namba zilizofuatana. Namba ya kitambulisho ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo namba ya Kulwa na ya Doto zinafanana mpaka karibu na mwisho.

Leo Kulwa ameomba mkopo wa shilingi 500,000. Amepewa. Nikatoka, nikaingia kwa simu ya Doto kuangalia akiba. Doto anadaiwa shilingi 500,000 na tarehe ya rejesho la kwanza ameshapangiwa. Nikarudi kwa Kulwa. Hadaiwi, tena ana sifa nzuri ya kukopa. Akakopa tena. Doto akatumiwa ujumbe wa kumkumbusha asizidishe mikopo.

Asubuhi yote nimeitumia hapo. Programu yetu ya kwenye wavuti imeandikwa kwa JavaScript, na JavaScript hushika namba kamili kwa uhakika mpaka 9,007,199,254,740,991. Hizo ni tarakimu 16. Ukiipa 20 haikatai wala hailalamiki, inakadiria. Tarakimu za mwisho zinageuka sifuri, na hizo za mwisho ndizo zinazomtofautisha Kulwa na Doto. Dawa yake ni kukihifadhi kitambulisho kama maandishi. Hakuna mtu atakayekijumlisha wala kukigawanya kwa mbili.

Excel, nimeona niandike hapa nisije nikasahau, inaishia tarakimu 15. Na orodha zote za vyama tunaletewa kwa Excel.

Kikaoni, meneja wa mradi ameuliza kwa upole kama pacha nchini ni wengi kiasi cha kuchelewesha toleo. Dada wa mapokezi alikuwa ameleta chai. Jina lake ni Doto. Aliiweka chai ya meneja mbali kidogo na meneja.

Jumatano, 29 Januari

Pesa ya simu bado iko kwenye saini. Nimemwomba babu mlinzi anijaribie usajili kwa simu yake, maana hiyo ni ya zamani kweli.

"Shikamoo babu. Nakuomba ujisajili humu, mimi nitakaa kimya niangalie."

"Marahaba. Ukikaa kimya nani atanielekeza?"

"Hakuna. Ndiyo jaribio lenyewe."

Programu ikaanza kwa kumtaka alama ya kidole. Babu amelima miaka mingi kabla ya kuja mjini, na vidole vyake havina tena mistari ambayo simu inaitafuta. Akaweka gumba, shahada, cha kati. Akaniuliza kama aweke na vya mguu. Nilikuwa nimesema nitakaa kimya. Alipogundua mwenyewe kwamba pale chini, kwa maandishi ya kijivu juu ya kijivu, kuna njia ya namba ya siri, tulikuwa tumepata tiketi mbili.

Kisha tarehe ya kuzaliwa. Inatokea kalenda ya mwezi huu, na mshale wa kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Babu kazaliwa 1958. Kurudi mpaka huko ni kubonyeza kama mara 800. Mtu mwingine angeacha. Babu ni mlinzi, amezoea kukesha. Alifika Uhuru karibu na saa sita, akapumzisha mkono, akageuka kumfungulia geti mtu wa maji. Aliporudi programu ilikuwa imemtoa nje kwa usalama wake.

Baada ya chakula amekuja mezani kwangu kuulizia posho ya kikao. Nikampeleka kwa mhasibu. Mhasibu amempa fomu. Kwenye fomu kuna sehemu ya tarehe ya kuzaliwa.

Alhamisi, 30 Januari

Leo zamu ya tarehe. Mwaka 2024, tarehe 29 Februari, mashine za kulipia mafuta kwa kadi zilikwama katika vituo vya New Zealand kwa sababu programu yao haikuitambua siku hiyo, na madereva wakabaki na magari yao pale. Kwa hiyo lazima nijue mfumo wetu utafanya nini tarehe 29 Februari 2028. Simu ya kazi hakuna, nimetumia yangu.

Programu yetu imevuka salama. Simu yangu haikuvuka. WhatsApp ikaniambia tarehe yangu si sahihi na ikafunga mlango. Benki ikanitoa. Kila tovuti niliyofungua ilikuwa na cheti kilichokwisha muda. Nikiwa huko 2028 shangazi alikuwa ananitafuta kuhusu sare za harusi, na hakunipata. Nimerudi Januari hii saa nane, lakini picha ya chapati niliyompigia mpwa wangu wakati wa chai sasa inakaa juu ya picha zangu zote, na itaendelea kukaa hapo miaka mitatu.

Mchana nimeomba mkopo wa nyumba wa miaka 15. Rejesho la mwisho linatakiwa liwe 30 Januari 2040. Mfumo umepanga liwe tarehe 24 Desemba 1903.

Ni chumba kilekile cha biti 32 kilichomeza akiba ya Mwanza. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na sekunde ya 2,147,483,647 itapita tarehe 19 Januari 2038, kwetu ikiwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Chumba kikijaa tarehe inarudi Desemba 1901 na kuanza kuhesabu kutoka huko. Mwaka 1903 hapa alikuwepo Mjerumani, na rupia yake moja ilikuwa pesa 64. Mfumo wetu hauwezi kupokea pesa 64, nimejaribu.

Kijana wa seva anasema mwaka 2038 hatakuwepo kwenye kampuni hii. Meneja ameiweka tiketi kwenye fungu la mambo ya baadaye. Nimewakumbusha kwamba mkopo unaombwa leo. Wamesema wamenielewa.

Saa kumi na moja jioni kamati ya jioni ilikuwa ikutane. Wajumbe hawakutokea, kila mmoja akidai muda ulikuwa haujafika.

Ijumaa, 31 Januari

Siku ya toleo. Saa nne asubuhi nilisema bado. Saa sita nilisema bado. Saa tisa mtu wa mauzo aliuliza kwa nini majaribio yanachelewesha kazi. Saa kumi na moja na nusu, wakati daladala zimeanza kujaa, kijana wa seva alitaka kuhakikisha tu kwamba ujumbe mfupi unatoka, na akaujaribu kwenye orodha aliyoikuta imefunguliwa. Ilikuwa orodha ya kweli. Wanachama wote wa chama cha Dodoma, wale wa saa nane usiku, wakapata ujumbe kwamba mkopo wao wa ng'ombe wa maziwa wa shilingi 999,999,999 umeidhinishwa.

Kuna na la ziada. Maneno ya ujumbe yaliandikwa kwenye Word, na Word huipinda ritifaa. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160, lakini ikiingia alama moja tu isiyomo kwenye jedwali la mitandao ya simu, ujumbe wote unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka mpaka herufi 70. Ritifaa iliyopinda haimo kwenye jedwali hilo. Ujumbe wetu ulikuwa na herufi kama 150, kwa hiyo kila mwanachama alitumiwa vipande vitatu, na tukalipia vitatu. Sasa najua kwamba katika mfumo wetu ritifaa iliyonyooka inaangusha seva na iliyopinda inakula salio.

Simu ya kwanza kutoka Dodoma imeingia kabla sijafunga begi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimepata ujumbe wenu, nimeshukuru. Sasa ng'ombe wote hao nitawaweka wapi?"

Jumamosi, 1 Februari

Nimeshinda ofisini nikipokea simu za wafugaji wapya.

Katikati ya hayo mweka hazina wa Dodoma ameuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulileta. Mwisho wa kulipa rejesho bila faini ni siku ya mwisho wa mwezi. Kuna mwanachama mmoja ambaye kila mwezi hulipa saa saba usiku, tarehe moja ikiwa imeshaingia, na hajawahi kutozwa faini. Nikaangalia. Seva yetu iko Ulaya na saa yake ni ya Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, sisi tuko Februari na yenyewe bado iko Januari. Malipo ya bwana huyo yanaandikwa tarehe 31.

Tumepokea malalamiko ya kila aina tangu mfumo uanze, hata ya rangi ya vitufe. Hili, ambalo lilikuwa likiwapa watu saa tatu za bure, halikulalamikiwa na yeyote. Mwanachama mwenyewe ni mwalimu wa hisabati.

Jumatatu, 3 Februari

Tathmini ya utendaji. Meneja anataka kigezo cha kunipima. Amependekeza idadi ya hitilafu ninazozipata. Nikamuuliza, nyingi ni vizuri au vibaya? Akafikiri. Zikiwa nyingi, bidhaa ni mbovu na toleo limechelewa. Zikiwa chache, sijafanya kazi. Nikamwambia kuna kitabu cha Glenford Myers cha mwaka 1979 ambacho kinasema jaribio lililofanikiwa ni lile lililopata kosa. Akaniuliza kama ninacho kitabu chenyewe. Nikasema ninacho. Akasema nisikilete kwenye kikao cha wakurugenzi.

Kwenye fomu ameandika: "Ana jicho kali. Ajitahidi kuwa chanya."

Pesa ya simu imetoka. Nimeenda Aggrey. Muuza simu alinisikia nikitaka yenye kumbukumbu ndogo, skrini yenye ufa na betri isiyodumu, akamwita mwenzake aje asikie. Wameniuzia kwa bei ya juu, kwa kuwa za namna hiyo sasa ni adimu.

Jumanne, 4 Februari

Toleo jipya limetoka leo saa sita mchana. Songwe imo na Njombe imerudi. Akiba ya Mwanza imerudi kuwa chanya, na bodi imemwomba radhi mhasibu wao ambaye ilikuwa imemsimamisha. Jioni, kwa uamuzi wa meneja, inaanza saa kumi na mbili, na mikutano ya saa kumi na moja haiwezi kuingizwa kwa sasa.

Mliopakua, naomba mambo machache. Mkiwa kwenye ukurasa wa kitambulisho msibonyeze "Rudi". Mwenye ritifaa kwenye jina aandike jina la babu yake kwanza mpaka wiki ijayo. Vitambulisho vinavyosajiliwa kuanzia leo vinahifadhiwa kama maandishi, lakini vya zamani bado havijahamishwa, kwa hiyo pacha waliojisajili kabla ya leo wasikope mpaka nitakapotangaza. Na Doto yeyote akiona deni asilolijua, asilipe. Anipigie mimi, saa za kazi.